Uwanda Uliomfuata Beula

Bibi Keziah Budgen alikuwa na desturi ya kusali huku akikamua. Alisema maziwa hutoka vizuri kwa zaburi kuliko kwa nyimbo, kwa kuwa zaburi haina haraka. Asubuhi ile ya mwezi wa tano alimaliza zaburi na ndoo kwa pamoja, akaifunika ndoo kwa kitambaa, akamfungua ng'ombe wake Beula, wakatoka kwa mlango wa nyuma kwenda Uwandani. Ndivyo ilivyokuwa tangu mumewe Enoch alipokuwa hai na ng'ombe alikuwa mwingine.

Uwanda wa Thrupley haukuwa wa mtu. Watu wa Thrupley walipenda kusema hivyo, wakimaanisha kwamba ulikuwa wao. Upande mmoja ulijaa vichaka vya miiba vyenye maua ya njano yanayonukia kama nazi iliyokunwa, ingawa hakuna mtu wa Thrupley aliyewahi kukuna nazi. Upande mwingine ulikuwa wa kangaga, na katikati palikuwa na bwawa la vyura na majani mafupi ambayo ng'ombe na mabata bukini waliyanyoa tangu enzi za mababu. Juu yake ndege kipozamataza alining'inia hewani kutwa nzima akiimba bila kusogea, kama aliyetundikwa na kusahauliwa. Chini, kwenye jiwe la joto, alilala kipiri, nyoka asiyemuuma mtu ila mjinga. Giza likiingia ndege kirukanjia alianza kunguruma kwenye miiba kama cherehani.

Haki ya kulisha pale ilikuwa ya jiko, haikuwa ya mtu. Nyumba yenye jiko la kuni na dohani inayotoa moshi ilikuwa na haki ya mnyama wake Uwandani. Nyumba ya akina Noakes ilikwishaanguka zamani, ikabaki dohani peke yake katikati ya upupu, na kila mwaka mjukuu wa Noakes alikuja na baiskeli kutoka mjini, akawasha magazeti ndani yake mpaka moshi ukatoka juu, akapanda baiskeli akarudi. Hakuna aliyemcheka. Hakuwa na ng'ombe wala bata, lakini haki alikuwa nayo.

Kisha akaja Meja Lionel Pym, akanunua nyumba kubwa ya mlimani. Meja alipenda ndege. Wengine aliwapenda kwa darubini na wengine kwa bunduki, kutegemea majira. Alizunguka kijijini akawaona wanawake wakikohoa moshi, akasikitika, na Krismasi ilipofika alimpelekea kila mwenye nyumba jiko la umeme, rangi ya krimu, likiwa na utepe mwekundu. Hakutaka kitu. Aliwatuma tu mafundi wake waje kuyaziba majiko ya zamani kwa matofali, bure, ili baridi isishuke kwa dohani.

Watu wa Thrupley walishukuru sana. Walisimama vizuri na makoti yao wakitazama haki zao zikijengewa ukuta, na walipoona mafundi wanaona baridi, wakawachemshia chai.

Bibi Keziah peke yake alilikataa lake. Hakulikataa kwa hekima. Alilikataa kwa sababu hakuliomba. "Ukipewa usichoomba," alisema, "ujue anayeombwa ni wewe." Wenzake wakasema huo ni ukaidi wa ujane, na wakarudi majumbani kukaanga mayai bila moshi.

Majira ya baridi yalipokwisha, Meja akaunda Kamati ya Kuulinda Uwanda. Kamati ikagundua kwamba haki hukaa jikoni, na kwamba majiko hayapo, isipokuwa moja, ambalo halikuhesabiwa. Ikasikitika. Mafundi wa waya wakafika na lori la nguzo, na asubuhi ile ya mwezi wa tano Bibi Keziah alipofika na Beula walikuwa wamebakiza lango tu. Alimwacha Beula ale kama kawaida. Jioni alipokwenda kumchukua, Meja alikuwa amesimama langoni na kofia mkononi.

"Jioni njema, Bibi Budgen. Nitakuomba leo umtoe ng'ombe na usimrudishe. Kesho tunatia kufuli."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya ndege. Wanahitaji utulivu."

"Beula hapigi kelele."

"Anakanyaga."

"Ndiyo, Meja. Ana miguu."

"Wenzako wote wamekubali."

"Wenzangu wote wanapikia jiko lako."

"Na la kwako bado lipo," Meja alisema kwa upole. "Lipo ghalani kwangu, ndani ya boksi lake."

"Lisalimie."

Meja alicheka kidogo, maana alikuwa mtu mwenye adabu, akashika lango ili wapite.

Bibi Keziah alijua hesabu yake bila kuihesabu. Ua wake ulikuwa na kabichi, kuku na kamba ya nguo. Beula angeumaliza kabla ya Jumapili. Bila majani ya Uwanda pasingekuwa na Beula, bila Beula pasingekuwa na siagi ya kuuza, na mjane wa Thrupley asiye na siagi ya kuuza hupelekwa kwenye nyumba ya wazee ya Cleyford, ambako hulishwa uji wa shayiri na kuambiwa ana bahati. Alikuwa amewaona wanaopelekwa. Walirudi kijijini mara moja tu, na walirudi wamelala.

"Twende nyumbani," alimwambia Beula.

Walipofika kwenye kona ya njia ndipo alipotambua kwamba harufu ya nazi haijapungua. Akageuka. Vichaka vya njano vilikuwa nyuma yao hatua chache, vikitembea kwa kufuatana, na nyuma yavyo kangaga, na nyuma ya kangaga majani mafupi yakijiviringisha kama mkeka unaobebwa. Bwawa lilikuja la mwisho, polepole, likichunga lisimwagike. Kipozamataza alikuwa juu yao palepale alipokuwa siku zote, akiimba.

"Angalieni kabichi zangu," Bibi Keziah alisema, akaendelea na safari.

Uwanda ambao mtu aliuvuka kwa muda wa kuchemsha na kunywa birika la chai uliingia katika ua ambao mtu huuvuka akimfukuza kuku. Uliingia kama ukoo mkubwa unavyoingia kanisani siku ya Krismasi, kwa kusogeana. Kabichi zilibaki. Kipiri alichukua ngazi ya mlango wa nyuma kwa kuwa ilikuwa na joto la jikoni, na kirukanjia akatua juu ya nguzo ya kamba ya nguo. Beula aliinamisha kichwa akaendelea kula pale alipokuwa ameachia.

Asubuhi shemeji yake Walter, mdogo wa marehemu Enoch, alikuja kuegemea ukuta. Walter alikuwa mtu wa kwanza kijijini kulipokea jiko la krimu, na alikuwa amelifunika kwa kitambaa cha kufuma.

"Shemeji," alisema, "naona una wageni."

"Hawa si wageni."

"Vyura wako wamenikosesha usingizi."

"Waliwapigia kelele baba zako pia. Baba zako walikuwa na usingizi mzito, hawakuwa na cha kuogopa."

Walter alikuna kidevu. Hakuuliza Uwanda umefikaje, maana aliuona wenyewe ukipita mbele ya dirisha lake akiwa anakula, na alikuwa amesogeza pazia ili upite vizuri.

"Nilikuwa nafikiria mabata wangu," alisema. "Wamekonda, maskini. Ukiwaachia hapo kwenye kona..."

"Dohani yako inafanya nini siku hizi, Walter?"

"Ah, shemeji, usianze."

"Sijaanza. Nauliza habari zake kama ninavyouliza za mgonjwa."

"Ina kunguru."

"Basi walishe mabata kunguru."

"Una moyo mgumu kwa mtu anayesali sana."

"Ndiyo maana nasali sana."

Walter aliondoka amenuna, na siku ileile akaenda mlimani kuomba kazi ya kubeba nguzo. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu vita, lakini Meja alimchukua, kwa kuwa alipenda kuwasaidia wenyeji.

Wengine nao walikuja, mmojammoja, wakaegemea ukuta uleule. Kila mmoja alisema ni vizuri kuuona Uwanda ukiwa na afya. Mmoja aliuliza kama hauongezi hatari ya mafuriko. Mwingine alisema yeye hana neno, ila kisheria angalau mtu angebisha hodi. Hakuna aliyesema kwamba umeibwa, maana neno hilo lingewalazimu kutafuta mwizi, na wote walikuwa wamepewa naye jiko.

Meja alikuja wiki ile, akapiga hodi kwenye mlango wa mbele, akafuta viatu. Bibi Keziah alimkaribisha chai kwa sababu maji yalikuwa yamechemka.

"Kamati imekaa," Meja alisema.

"Kamati ni nani?"

"Mimi na mke wangu. Na Dakta Frobisher, ambaye hakuweza kufika."

"Mkasemaje?"

"Kwanza, hatukulaumu. Pili, Uwanda umo ndani ya uangalizi wa Kamati popote ulipo. Unaelewa, Bibi Budgen, waya unauzunguka Uwanda. Ukihama, waya nao unahama. Ni jambo la kawaida tu, kama nguo na mwili."

"Ua huu ni wangu."

"Ua ni wako kabisa. Hakuna anayeugusa. Sisi tunauzungushia waya Uwanda uliomo ndani ya ua."

"Na Beula?"

"Anakanyaga," Meja alisema tena, kwa masikitiko yaleyale.

Bibi Keziah aliweka kikombe chini. "Na kule ulikotoka? Ile ardhi iliyobaki?"

"Ile?" Meja alitazama nje ya dirisha, ambako matawi ya miiba yalikuwa yamejisogeza mpaka kwenye kioo. "Ile si Uwanda tena. Wewe mwenyewe umeona, hapana hata kichaka. Ni shamba la nyumba kubwa. Nitapanda shayiri."

Alimaliza chai yake, akaisifu, akatoka. Alhamisi trekta lililima pale palipokuwa na bwawa. Watu wa Thrupley walisimama barabarani wakatazama, wakakubaliana kwamba udongo ni mzuri, mweusi, na kwamba ulikuwa unapotea bure. Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Watu wa Thrupley waliishi miaka yote wakiamini wao wote wamo katika kundi la kwanza.

Waya ukauzunguka ua wa Bibi Keziah, ukapita mbele ya mlango wake wa nyuma, ukaacha nafasi ya kufungulia mlango mpaka nusu. Beula akahamia jikoni. Alisimama kati ya meza na moto, akacheua, akatazama. Uwanda ulijibana kwenye ukuta wa jikoni upande alipokuwa, hata kabichi zikapata nafasi kuliko zamani. Miiba ilichungulia. Siku za mapumziko watu wa Kamati walikuja na darubini na vikapu vya mikate, wakapita kwenye uchochoro kati ya nyumba na ukuta, wakaambiana wanyamaze.

Bibi Keziah alimlisha Beula maganda ya viazi, majani ya karoti na mwishowe majani ya ndani ya godoro. Maziwa yalipungua mpaka zaburi fupi ikawa ndefu. Usiku mmoja alimwambia Mungu kwamba hataki kulalamika, ila angependa kujua kama Yeye naye ameletewa jiko. Akatubu papo hapo, kwa magoti, na asubuhi akamtia Beula kamba.

Ilikuwa Jumapili. Alifungua mlango wa jikoni wa ndani, akampitisha Beula sebuleni, akamtoa kwa mlango wa mbele. Uwanda ukapitia dirishani na mlangoni, ukafuata. Miiba ilijikunyata isikwaruze karatasi ya ukutani, kangaga zikapita chini ya picha ya Enoch, vyura wakaruka juu ya zulia mmoja baada ya mwingine, na bwawa likapita bila kuacha tone. Kipozamataza alipita juu ya paa. Nyuma, ndani ya ua, ulibaki waya umezunguka kabichi.

Waliteremka mpaka kwenye uwanja mdogo mbele ya kanisa, na pale Beula akasimama, na Uwanda ukajitandaza kuanzia ukuta wa makaburi hadi barabarani. Ibada ilikuwa inaisha. Watu wa Thrupley walitoka wamevaa kofia zao za Jumapili, wakauzunguka Uwanda kwa uangalifu ili wasichafue viatu, wakamwona Bibi Keziah, wakamwamkia.

Lori la Meja lilikuwa limekwishafika. Walter na mafundi wawili walikuwa wakishusha nguzo. Mtu mmoja alinong'ona kuhusu Sabato, lakini Mchungaji Lisle akasimama mlangoni akaeleza kwamba Bwana wetu mwenyewe aliruhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani atolewe siku ya Sabato, na kwamba jambo hili lina ng'ombe ndani yake.

Bibi Keziah hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya watu. Alishika kamba ya Beula kwa mikono miwili.

"Nguzo hazijashindiliwa," alisema. "Zimesimamishwa tu. Kila mtu akishika moja akaing'oa, zinakwisha sasa hivi. Uwanda uko hapa. Mnauona. Mwenye bata alete bata."

Walikuwa wengi. Mtu aliyekuwa karibu kabisa na nguzo alikuwa mjukuu wa Noakes, aliyekuja na baiskeli kumzika shangazi juma lile na hakuwa ameondoka. Aliitazama nguzo. Akaigusa, akaona haina uzito, akaisimamisha vizuri ilipokuwa imeinama.

"Angetuambia jana," mwanamke mmoja alimwambia mwenzake.

"Kweli. Leo nimeweka nyama."

"Ya kondoo?"

"Paja. Na inaungua haraka kwenye lile jiko, ukichelewa tu."

Mchungaji alisema watamkumbuka Bibi Keziah katika maombi ya Jumatano. Watu wakasema ndiyo, Jumatano, wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine, wengine kwa nguvu sana, na mjane wa mwokaji mikate akalia kabisa. Kisha wakaenda kula. Wale waliokaa upande wa pili walikata katikati ya Uwanda kwa njia ya mkato, na kipiri akajivuta pembeni kuwapisha.

Meja alikuja akaishika kamba ya Beula, akaomba radhi, akamtoa ng'ombe hatua kadhaa mpaka barabarani. Uwanda wote ukaegemea upande ule. Nguzo zilikuwa zinashindiliwa sasa. Mlio wa nyundo ulirudi kutoka kwenye ukuta wa kanisa.

Walter alikuja akikokota waya kwa kuinama, mkono mmoja kiunoni, akapita kwenye majani mafupi mpaka alipofika kwenye viatu vya Bibi Keziah. Hapo akasimama, akiwa bado ameinama, akahema.

"Meja ameagiza lori lingine," alisema. "Anasema ukienda Cleyford, na sisi tutakuja Cleyford. Nakwambia tu, shemeji, usije ukachoka bure."

"Nimesikia, Walter."

"Sina ubaya na wewe."

"Najua."

Alingoja kidogo. Jasho lilimdondoka puani likaingia kwenye majani. Mguu wa kushoto wa Bibi Keziah ulikuwa barabarani na wa kulia ulikuwa ndani, na waya ulipaswa kupita chini yake.

"Samahani sana, shemeji," Walter alisema. "Mgongo unaniua. Hebu inua mguu kidogo."

Bibi Keziah alikuwa amelelewa vizuri. Akauinua.